Lami ikifika na gari lisifike, mtu wa pembezoni kasaidika nini?

#1 Mwana wa Puna
Wakuu, habari za jioni.

Shughuli zangu ziko Kariakoo, ila mama yangu anaishi Yaleyale Puna, kata ya Pembamnazi, kusini kabisa mwa Kigamboni. Kwa asiyepajua, hapo ni Dar es Salaam, mkoa huu huu wenye mwendokasi na SGR.

Jumamosi iliyopita nilipanda gari Kibada saa kumi na moja jioni. Ubavuni limeandikwa hadi mwisho wa njia. Tulipobaki abiria saba konda akagonga bodi: "Wa mbele mnashuka hapa, gari linageuza." Jua linazama. Nina kiroba cha unga cha kilo 25, dumu la mafuta ya kupikia na dawa za presha za mama za mwezi mzima. Kijiweni kulikuwa na bodaboda wawili tu, wakataka elfu nane, wakati nauli niliyotoka nayo Kibada haikufika elfu mbili. Tukafunga kiroba juu ya tangi kwa mpira wa tyubu, dumu nikalipakata. Kwenye mchanga nilishuka mara tatu kusukuma. Nilimkuta mama barazani na tochi ya simu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Dawa hazijalowa?"

Kila kikao cha huko hoja ni moja, lami ya Kibada–Mwasonga–Kimbiji. Siipingi. Lakini siku ile barabara ilikuwa inapitika, aliyegeuza ni konda. Ninachosema ni kwamba tatizo letu la kwanza ni gari, barabara inafuata. Nipingeni kwa hoja.

#2 Konda Mstaafu
Pole sana, na pole ya mama.

Nimeshika mlango miaka kumi na moja, njia za pembezoni, kwa hiyo nakueleza kwa nini tunageuza. Dereva ana hesabu ya tajiri kila jioni, yaani kiasi cha kumpelekea mwenye gari. Hesabu ikipungua, anajazia mfukoni mwake. Ukibaki na watu saba kwa kipande cha mwisho, nauli yao haitoshi dizeli ya kwenda, halafu unarudi na viti vitupu kwa sababu saa moja usiku hakuna anayetoka huko kuja mjini. Hapo hujahesabu springi na bushi. Ukigeuza mapema unawahi foleni ya Kibada, unapakia gari zima.

Sisemi ni haki. Kukatisha ruti ni kosa, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataja mwanzo na mwisho wa njia. Lakini askari wanaokamata wako mjini. Huko mwisho wa njia hakuna anayekuona isipokuwa wale saba.

#3 Kijana wa Mbagala
Hivi Dar kuna kijiji kweli? Mwana wa Puna umetuletea uzi wa mkoani unasema wa Dar.

#4 Mwana wa Puna
Kijana wa Mbagala, hapo umegusa penyewe. Kigamboni ni manispaa, kwa hiyo kwenye makaratasi hakuna kijiji, kuna mtaa. Mama ana mwenyekiti wa mtaa. Anapika kwa kuni, anachota maji kisimani, analima muhogo na mikorosho, na anahesabiwa mtu wa mjini.

#5 Fundi Greda
Napinga hoja ya msingi, kwa heshima.

Konda kasema springi na bushi akapita haraka, mimi nasimama hapo hapo. Barabara ya udongo inauawa na maji kabla ya kuuawa na magari. Inatakiwa iwe na mgongo: katikati juu, pande mbili zishuke, maji yakimbilie mtaroni, na mtaro nao uwe na mikono ya kuyatoa yaende porini. Mkono ukikosekana, mtaro unajaa na maji yanarudi barabarani. Nimeona greda linaletwa mwezi wa nne, masika yameshakaza. Linakwangua moramu (udongo wa changarawe) kidogo iliyobaki na kuilaza pembeni kama tuta la viazi. Tuta hilo ndilo linalozuia maji kutoka. Wiki mbili baadaye katikati ya barabara kuna bwawa watoto wanaogelea.

Huko kwenu kuna tatizo la pili, mchanga wa pwani. Mchanga mkavu haushindiliki peke yake, hata upitishe rola mara ishirini. Lazima uletewe udongo wenye mshikamano, umwagiwe maji, ushindiliwe ukiwa na unyevu wake. Kazi ikifanywa juujuu, mvua ya kwanza inakurudisha ulikotoka.

Mwana wa Puna, ulishuka kusukuma mara tatu. Hizo sehemu tatu ukizijumlisha ni mita ngapi?

#6 Mwana wa Puna
Kwa kukadiria haifiki mita mia nne zote kwa pamoja. Kilichobaki pikipiki ilikwenda vizuri.

#7 Fundi Greda
Basi umejijibu. Kwa lugha ya kazi hizo zinaitwa sehemu korofi. Gari linaihama njia kwa sababu ya hizo mita mia nne, hata kama kilomita kumi zilizobaki ni nzuri. Watu wanadai lami ya njia nzima, wanaambiwa fedha hakuna, wanakaa miaka. Wangedai kalavati mbili na moramu ya mita mia nne, ingekuwa hoja nyingine kabisa.

#8 Mdau wa Bajeti
Nguvu za hoja ziko kwenye fedha. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa 2017 ichukue barabara zilizokuwa chini ya halmashauri. Mtandao wake ni kilomita 108,000 na ushee, nchi nzima. TANROADS wenye barabara kuu na za mikoa wana kilomita chache zaidi, lakini mgao wa Mfuko wa Barabara kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 70 kwao na 30 kwa hizi za chini. Ukiwa na watoto wengi na unga kidogo, wote watalala njaa.

#9 Takwimu Tupu
Mdau wa Bajeti, namba yako ni ya zamani. Baada ya uhakiki mtandao wa TARURA ulipanda hadi kilomita 144,429. Na usisahau bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi. Unga umeongezwa, na watoto nao wameongezeka.

#10 Mdau wa Bajeti
Nashukuru kwa sahihisho. Hoja yangu imepata nguvu zaidi.

#11 Takwimu Tupu
Kuna jambo jingine. Kipimo kinachotumika duniani kwa mambo haya ni sehemu ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Kimo mpaka kwenye malengo ya maendeleo endelevu. Mama yako yuko umbali gani kutoka barabara kubwa?

#12 Mwana wa Puna
Haifiki kilomita moja. Kumbe mama kwenye kitabu ameshafikiwa. Kipimo kinahesabu barabara, hakimuulizi mtu gari linapita saa ngapi na linabeba nini.

#13 Mama Buyuni
Nimesoma kimya, hapo kwenye "linabeba nini" nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nachukua samaki pwani, nauza mjini. Saa tisa usiku niko mchangani nasubiri ngalawa. Nikinunua tenga moja, navunja barafu, napanga: barafu, samaki, barafu, samaki, juu nafunika kiroba kilicholowa. Kuanzia hapo nashindana na saa. Saa kumi na mbili asubuhi changu wangu macho yanang'aa, mnunuzi anaita mwenyewe. Saa nne macho yameingia ukungu, mtu anabonyeza ubavu kwa kidole, anatingisha kichwa, bei inashuka nusu.

Daladala ninazo, asubuhi zipo. Zinanikataa. Konda anasema maji ya tenga yanachuruzika kwenye viatu vya abiria, harufu itabaki kutwa. Simlaumu sana, abiria kweli wanalalamika. Kwa hiyo naenda kwa bodaboda, tenga linakaa nyuma, mimi katikati, dereva mbele, kwenye mchanga, gizani. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili samaki wote walimwagika, tukawaokota kwa tochi.

Mniletee lami, mniletee daladala kila nusu saa, mimi bado niko kwenye bodaboda. Ninachotaka ni kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, inayoondoka saa kumi na moja alfajiri, inabeba matenga na wenye matenga.

#14 Konda Mstaafu
Mama Buyuni, makonda tumekukosea sana. Nimewakataa wengi wenye matenga, na wenye magunia ya muhogo niliwatoza nauli ya mtu mzima kwa kila gunia.

#15 Mtu wa Makete
Huu mjadala wetu kule Makete tuliufanya zamani. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa usafiri vijijini, serikali pamoja na ILO, Shirika la Kazi Duniani. Walianza kwa kuuliza kaya moja moja: jana mlikwenda wapi, mlibeba nini, nani alibeba? Ikaonekana sehemu kubwa ya safari haigusi barabara kabisa. Ni kisimani, kuni, shambani, mashineni kusaga. Na mzigo mkubwa uko kichwani mwa mwanamke, kwenye njia ya miguu ambayo greda halitaifika milele.

Kwa hiyo pamoja na barabara wakatengeneza njia za miguu, vivuko vya kuvukia mito, wakahimiza punda, wakasogeza mashine za kusaga karibu na watu. Bibi yangu alikuwa anapanda na kushuka mlima nusu siku kusaga debe moja. Mashine iliposogea alipumzika, wala hakuna aliyemnunulia gari.

Mwana wa Puna, kabla ya gari, muulize mama kwa wiki anatembea saa ngapi na kwa shughuli gani. Pengine safari nyingine zinafutika.

#16 Takwimu Tupu
Nyongeza ndogo kwa wasomaji: wakati huo Makete ilikuwa mkoa wa Iringa. Njombe imekuwa mkoa 2012.

#17 Mtu wa Makete
Sahihi. Ila mlima ni ule ule, na baridi ni ile ile.

#18 Kijana wa Mbagala
Punda Kigamboni? Mtu wa Makete, watu wanataka mwendokasi wewe unawapa punda!

#19 Mtu wa Makete
Cheka, ila punda halipi petroli na kwenye mchanga hazami kama pikipiki. Muulize Mama Buyuni aliyeokota samaki kwa tochi.

#20 Nesi wa Zamu
Naandika kwa ufupi, niko kazini.

Kwetu zahanati (siitaji) usiku kinachotisha ni mjamzito anayetakiwa kupelekwa hospitali kubwa. Zamani ndugu walikuwa wanakimbia huku na kule kutafuta gari, wanapatana bei mama anavuja damu. Siku hizi kuna mfumo wa m-mama. Unapiga 115, bure. Anayepokea anauliza dalili, anaangalia kama gari la wagonjwa lipo karibu. Kama halipo, anamtuma dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, mwenye gari lake, na malipo yanaingia kwenye simu yake akishamfikisha mgonjwa.

Angalieni kilichofanyika pale. Hakuna gari jipya lililonunuliwa na hakuna barabara mpya. Magari yale yale ya mtaani, dereva ana uhakika wa kulipwa, kwa hiyo anatoka saa nane usiku. Naungana na Mwana wa Puna kwa sehemu, kwamba tatizo si kukosa chombo, ni kukosa uhakika.

#21 Kijana wa Mbagala
Nimeihifadhi hiyo 115. Kwa hiyo mtu yeyote akiugua usiku anapiga?

#22 Nesi wa Zamu
Hapana. Ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Tafadhali msiijaze kwa mengine, kuna mtu atakuwa anasubiri laini. Na siku ya mvua dereva akikwama kwenye zile mita mia nne za Fundi Greda, uhakika wa malipo haumtoi. Hilo nalo nimeliona kwa macho yangu, tulimbeba mama kwa machela hadi ng'ambo ya dimbwi, gari likageuka tukiwa tumelowa hadi magotini. Mtoto alizaliwa salama.

#23 Fundi Greda
Sante, nesi. Mungu akubariki.

#24 Mzee wa Gezaulole
Vijana, mnazungumza kana kwamba Kigamboni imeanza daraja lilipofunguliwa 2016. Sisi Gezaulole tulikuwa kijiji cha ujamaa, na jina lenyewe kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Tuliambiwa hameni mkae pamoja ili huduma ziwafikie kirahisi: shule, zahanati, basi. Kukaa tulikaa. Basi lilikuwa la kubahatisha. Mjini ilikuwa UDA, shirika la mabasi la Dar lililoanzishwa 1974, na huku ng'ambo ukikosa lori la nazi unatembea mpaka kivukoni. Nazi tulipeleka mjini kwa majahazi na ngalawa, upepo ukiwa mzuri unafika kabla ya mwenye baiskeli.

Bahari ipo pale pale. Kimbiji, Buyuni, pwani yote ile. Siku hizi kila mtu anaitazama barabara, hakuna anayegeuza shingo kuutazama mwambao.

#25 Mama Buyuni
Shikamoo mzee. Mwambao wa kusi unaujua. Mwezi wa sita hadi wa nane bahari inachafuka, nani atampandisha mtoto boti ndogo? Kwa mizigo sawa, miezi ya utulivu. Kwa watu naogopa.

#26 Mzee wa Gezaulole
Marahaba mwanangu. Hapo umesema kweli, kusi haina urafiki.

#27 Mkwezi
Mzee, tuambie na jina la daladala, nasikia lilitokana na dola ya Mmarekani.

#28 Mzee wa Gezaulole
Lilitokana na "dala", ndivyo tulivyoiita shilingi tano. Miaka ya themanini, UDA ilipozidiwa, magari ya watu binafsi yakaanza kupakia na makonda wakawa wanaita "dala, dala", yaani nauli shilingi tano. Dola na shilingi tano zina hadithi yao, lakini konda hakuwa anadai fedha za kigeni.

#29 Mkwezi
Na bodaboda ni mpaka wa Namanga, si ndiyo?

#30 Takwimu Tupu
Busia, Kenya na Uganda, na zilikuwa baiskeli, miaka ya sitini. Tafadhali turudi kwenye mada.

#31 Mwalimu Msongola
Narudisha mada. Mimi niko upande wa Ilala, pembezoni pia. Hakuna aliyegusa wanafunzi.

Kituoni saa kumi na mbili kasoro asubuhi kuna watoto thelathini. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Gari linakuja, konda anashuka, anakinga mlango kwa mkono, anaita watu wazima kwanza. Wanaingia wanafunzi wawili, watatu. La pili hivyo hivyo. Mwenye bahati anafika kipindi cha pili. Wasichana wawili wa darasa langu walikuwa wanapandishwa bure na bodaboda mmoja kila asubuhi. Wote tunajua bure ile mwisho wake huwa nini. Tulikaa na wazazi, wakachanga, tukapata baiskeli mbili za mitumba, mmoja anaendesha mwenzake anapakiwa. Ni hatua ndogo, ila waliacha kumtegemea yule kijana.

Kwa hiyo Konda Mstaafu, hata gari likiwepo, barabara ikiwepo, bado kuna mtu anaachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo.

#32 Konda Mstaafu
Mwalimu, ni kweli. Mwanafunzi anakaa kiti kile kile kwa nauli pungufu, na ile tofauti hakuna anayemlipa mwenye gari. Tunamwachia konda akabiliane na mtoto. Fidia ya nauli ya mwanafunzi ingetoka mahali pengine, mkono ule ungeshuka mlangoni.

#33 Boda wa Tundwi
Wakuu, mmetupiga sana sisi. Elfu nane aliyotozwa Mwana wa Puna inauma, lakini sikilizeni. Pikipiki yangu ni ya mkataba, kila siku napeleka fungu la mwenye chombo mpaka mwaka na miezi iishe. Mchanga unakula mnyororo na sproketi, nabadilisha kabla ya muda. Usiku nikimpeleka mtu Puna nimerudi peke yangu, na njia ina vichaka. Mwenzetu mmoja aliitiwa abiria usiku, hakurudi na pikipiki, alirudi na jeraha la kichwa. Bei ya usiku ina hofu ndani yake.

Na yule aliyesema bure kwa wasichana, wapo, na wanatuchafua wote. Kijiweni kwetu tuna daftari la majina na namba za usajili, mwalimu yeyote akija tunamwonyesha.

#34 Mwana wa Puna
Boda wa Tundwi, nashukuru kwa kusema wazi. Kumbe huenda tulionana Jumamosi ile.

#35 Boda wa Tundwi
Mwenye dumu la mafuta? Ndiyo mimi yule wa kofia nyekundu niliyebaki kijiweni. Aliyekubeba ni mwenzangu. Alisema ulisukuma vizuri.

#36 Magurudumu Matatu
Nimepooza miguu tangu utoto, natembelea baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu. Kwenye lami najitegemea. Kwenye moramu iliyoshindiliwa najitegemea pia, polepole. Kwenye mchanga wa mita kumi tu siendi, nasubiri apite mtu anisukume. Daladala haina pa kuiweka baiskeli yangu, bodaboda siwezi kukaa bila kushikwa, bajaji za huku hazifiki.

Mwana wa Puna anasema tatizo la kwanza ni gari, barabara inafuata. Kwangu mimi barabara ndiyo gari.

#37 Mwana wa Puna
Ndugu yangu, hapa umenibana. Kauli yangu ya bandiko la kwanza naipunguza makali.

#38 Mweka Hazina
Kwa anayewaza kwamba jamii inunue gari lake, sisi tulinunua. Kikundi chetu, wilaya ya Kisarawe, watu arobaini na wawili, hisa za miaka minne. Tukachukua Hiace kuukuu iende mjini alfajiri, irudi jioni, lazima ifike mwisho. Miezi mitano ilikuwa raha, watu wanapanga safari zao kwa saa ya ile gari. Mwezi wa sita injini ikagonga. Tukafungua daftari, hatukuwa tumetenga hata shilingi ya matengenezo, kila mwezi tuligawana faida. Tulidhani ni faida, kumbe tulikuwa tunagawana injini. Lilikaa chini ya mwembe mwaka mzima, tukauza vyuma.

Mimi nilikuwa mweka hazina, na naandika haya ili mwenzetu mwingine aanze na akiba ya injini.

#39 Msafiri wa Reli
Kisarawe hiyo hiyo, kuna watu wanaotegemea reli. TAZARA inapita Mzenga kwenda Kisaki, Ifakara na Mlimba, kilomita 1,860 za reli kupita vijiji ambavyo masika yakikaza barabara inafungwa. Treni ya kawaida ikichelewa saa kumi, mwanakijiji anaisubiri saa kumi, kwa sababu inabeba mtu, mchele na kuku wake kwa pamoja. Hiki ndicho Mama Buyuni anachokiomba.

#40 Takwimu Tupu
Kilomita 1,860 ni hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwetu ni 975.

#41 Msafiri wa Reli
Sawa mkuu, 975. SGR yenyewe ikitoka Pugu inasimama Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Kwa aliye katikati ya vituo na ng'ombe zake, uzio umemwongezea safari ya kuzunguka hadi penye kivuko cha chini. Sisemi isijengwe, nimeipanda na nimeipenda. Nasema wenye reli wahesabu na wale wanaovuka.

#42 Fundi Greda
Mimi nimerudi na swali la Mtu wa Makete. Mwana wa Puna, ulimuuliza mama?

#43 Mwana wa Puna
Nilimpigia jana, nikachukua kalamu. Kisimani mara mbili kwa siku, dakika arobaini kila mara. Kuni mara mbili kwa wiki, nusu siku. Mashineni mara moja kwa wiki, lakini hiyo anampa mtoto wa jirani. Zahanati mara moja kwa mwezi kupimwa presha, na dawa zikikosekana ananipigia mimi. Mjini anakuja mara mbili kwa mwaka, Idi na msiba.

Nilipomaliza kuandika akaniuliza, "Unataka kunitafutia gari la kwenda kisimani?" Nikakosa jibu.

#44 Mtu wa Makete
Bomba la maji karibu na nyumba linamrudishia zaidi ya saa moja kila siku. Hakuna daladala inayoweza hivyo.

#45 Mama Buyuni
Maji yaje, ni sawa. Lakini tenga langu haliishi kwa bomba. Kila mtu hapa ana safari yake, msinisahau.

#46 Konda Mstaafu
Nina pendekezo la vitendo. Tajiri halipeleki gari mahali kwa huruma, analipeleka kwa hesabu. Hesabuni watu. Mtu mmoja akae kijiweni na daftari, alfajiri siku tano, aandike wangapi wanatoka kwa boda, wangapi kwa miguu, wana mzigo gani. Namfahamu mwenye Costa moja aliyechoka na foleni za mjini. Nikimwonyesha karatasi atanisikiliza. Nikimwonyesha uzi huu hatanisikiliza.

#47 Boda wa Tundwi
Daftari nitashika mimi, kijiweni niko kuanzia saa kumi na moja.

#48 Kijana wa Mbagala
Boda, unahesabu abiria wako ili waletewe Costa ikunyang'anye?

#49 Boda wa Tundwi
Costa itawashusha barabarani, kuingia ndani kwenye mitaa bado ni mimi. Safari fupi, mchana, bila hofu. Nitapata zaidi kuliko ile elfu nane ya usiku.

#50 Mweka Hazina
Mkimpata huyo wa Costa, muulizeni akiba ya injini anaiweka wapi.

#51 Mwana wa Puna
Mrejesho. Jumatatu Boda wa Tundwi kanitumia picha ya ukurasa. Kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi: watu 41 kwa bodaboda, 26 kwa miguu, wanafunzi 19, matenga 7, magunia ya muhogo 12, na mmoja kwa baiskeli ya mikono aliyesukumwa na wawili.

#52 Konda Mstaafu
Vizuri sana. Hao ni wa kutoka. Wanaorudi jioni je? Gari linakufa kwa kurudi tupu, usisahau. Na hao 41 walipita kwa mfululizo au kwa mafungu?

#53 Boda wa Tundwi
Mafungu mawili, saa kumi na mbili kamili na saa moja na nusu. Wa jioni nawahesabu leo, nimeazima kalamu nyingine, ya jana iliingia mchanga.